Tundu la headphone lilivyomnyamazisha marehemu Mama Tekla, na kwa nini nilikataa kuitupa laptop

Sogeeni wakuu, mwenye kahawa aje na kikombe chake. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha tu, kwa sababu wenye msiba wapo, na wengine wana bando.

Juzi humu kuna dada alileta swali la kistaarabu kabisa. Laptop yake ukichomeka headphone inasikika upande mmoja. Ukigusa waya inakwaruza. Ukiachia, kimya.

Nikasoma majibu yenu.

"Tupa hiyo."

"Motherboard imekufa, nunua nyingine."

"Dada nunua bluetooth uishi na watu."

Nikachemka, wakuu. Tupa! Yaani kitu kizima, kinawaka, kinaandika, kinahesabu, kikilegea tundu moja tu tayari kimekuwa taka.

Dada, kama unasoma, usitupe. Nitakueleza polepole kilichonipata, halafu utaelewa kwa nini nina kichwa kigumu kwenye jambo hili.

Turudi miaka ile ya soko huria. Vijana wa sasa mnaisoma shuleni, sisi tuliila kwa uji. Kiwanda nilichokuwa nafanya kazi hapa Morogoro kilibinafsishwa, tukapunguzwa. Wenzangu wengine walishuka Turiani kutafuta vibarua kwenye miwa, wengine wakaenda Dakawa kwenye mpunga. Mimi nilibaki hapa mjini, mtaa wa Kilakala, na kiherehere changu cha mambo ya sauti, maana tangu zamani ndiye niliyekuwa natengeneza redio za mtaa.

Nikapata laptop ya mtumba kutoka Dar. Naona kuna watu wataniuliza aina gani. Jueni tu ilikuwa nene kama tofali, na ukiibeba begani jioni unalala upande mmoja. Spika zake zilikuwa zimekufa tangu inakuja. Haikuwa na uwezo wa kuandika CD. Sauti ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea: tundu la headphone.

Shikeni hilo, mlango mmoja tu.

Kazi yangu ikawa kurekodi kwaya. Miaka ile kaseti za kwaya zilikuwa zinauzika kweli, na vituo vipya vya redio vilikuwa vimeanza kuota kama uyoga. Kila parokia, kila mtaa wa kanisa, walitaka na wao wasikike. Lakini studio zilikuwa Dar, na kuishusha kwaya nzima Dar ni gharama. Kwa hiyo mimi nilikuwa naipandisha studio mlimani: laptop, mixer ndogo ya kuazima, maikrofoni, nyaya, na betri ya gari kwa ajili ya amplifaya.

Sasa kuna jambo moja la kwaya zetu za mlimani. Hawakubali kwamba wimbo umerekodiwa mpaka kila mmoja ajisikie mwenyewe. Haitoshi kusikiliza kwa pamoja kwenye spika. Anataka avae headphone, afumbe macho, aitafute sauti yake.

"Mimi sijisikii hapa!"

"Wewe uko nyuma ya Kunigunda, subiri ubeti wa pili."

"Kunigunda ananifunika kila siku, hata kwenye kompyuta?"

Ndiyo hali ilivyokuwa. Headphone inavaliwa, inavuliwa, inapokezanwa. Anayefuata anavuta kabla wa kwanza hajamaliza. Plagi inachomoka, inarudishwa kwa nguvu, inapindishwa. Kwaya baada ya kwaya, kijiji baada ya kijiji. Tundu likaanza kuchoka kama mlango wa choo cha stendi.

Mimi nilikuwa naona kidogo kidogo. Mara inakwaruza. Nikichezesha plagi, inatulia. Nikasema itafika siku nitaishughulikia.

Huko juu Kinole, kwenye milima ya Uluguru, kulikuwa na kwaya moja iliyoongozwa na mama mmoja, tumwite Mama Tekla. Mjane, mkulima wa ndizi na mdalasini, mwembamba hata ungedhani upepo utamchukua. Lakini akifungua kinywa, wakuu, mtu aliyeko bonde la pili anasimama na jembe lake.

Tulirekodi nyimbo zao kanisani, mchana, mvua ikiwa imetupumzisha. Nilimpa Mama Tekla maikrofoni yake peke yake. Sauti yake nikaiweka katikati kabisa, yaani inatoka sawasawa kulia na kushoto. Gitaa nikalipeleka kushoto, kayamba na ngoma kulia, kwaya nikaigawa pande zote mbili. Ndivyo inavyofanywa mpaka leo, mwimbaji anayeongoza hukaa katikati.

Alipomaliza hakuomba headphone. Wote waliomba isipokuwa yeye.

"Mimi najijua," akaniambia. "Nitasikiliza kaseti ikitoka."

Kaseti haikuwahi kutoka. Kabla sijapata kaseti tupu za kutosha, nikaletewa habari na dereva wa Land Rover za Kinole kwamba Mama Tekla ametangulia. Homa, akapelekwa zahanati, akarudishwa hana uhai.

Sauti yake ilikuwa sehemu moja tu duniani. Ndani ya tofali langu.

Binti yake mmoja tu, Skolastika, tulimwita Skola, alinitumia ujumbe kupitia dereva yuleyule. Siku ya arobaini nipande nayo. Alikuwa anafanya kazi mbali mama yake alipougua na hakuwahi kumwona akiwa hai. Alitaka amsikie, basi. Na kwaya walitaka waimbe na kiongozi wao kwa mara ya mwisho.

Nikapanda. Niliipakata laptop kwenye Land Rover kama mtoto mgonjwa, barabara ile mnaijua, kila shimo nilikuwa nalipokea kwa magoti ili yeye asilisikie.

Uwanja ulikuwa umejaa. Ibada ikaisha, watu wakala. Nikafunga mitambo yangu chini ya turubai: betri ya gari, amplifaya, spika mbili za boksi, laptop ikiwa kwenye betri yake yenyewe, ambayo ilikuwa na pumzi fupi. Padri alikuwa ameshaondoka. Mbele kabisa alikaa Mjomba Kobelo, kaka wa marehemu. Wasioujua Uluguru niwaambie: kwetu ukoo unafuata mama. Mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kukaa hapo na koti lake, lakini mjomba akikohoa, mkutano unanyamaza.

Skola akakaa chini kwenye mkeka, karibu na spika. Nikabonyeza.

Gitaa likaingia. Safi.

Kayamba, ngoma. Safi.

Ukafika ubeti wa kwanza, pale Mama Tekla anapoingia peke yake.

Hakuna mtu.

Gitaa linaendelea. Kayamba inaendelea. Hata waitikiaji wanasikika kwa mbali, kama watu wanaoimba wakiwa wamegeuka. Lakini mahali pa Mama Tekla pana shimo. Wanamwitikia mtu ambaye hayupo.

Nikasimamisha. Nikarudia. Vilevile. Nikafungua wimbo mwingine. Vilevile! Yeye peke yake ndiye hayupo, kwenye kila wimbo.

Wakuu, mimi nina miaka mingi kwenye nyaya, lakini jambo kama lile sikuwahi kuliona.

Akinamama wakaanza kulia, na hakikuwa kilio cha msiba, kilikuwa kilio cha woga. Mmoja akasema kwa sauti, "Amegoma! Tekla amegoma kuimba!"

Mjomba Kobelo akakohoa. Kimya.

"Kijana," akasema. "Sauti ya dada yangu iko wapi?"

"Shikamoo Mjomba, nadhani ni..."

"Shikamoo umeshanipa asubuhi. Nimekuuliza sauti iko wapi."

"Imo humu ndani, Mjomba."

"Imo humu ndani. Wenzake wote tunawasikia, yeye ambaye ndiye mwenye sauti hatumsikii. Mtu akivuna shamba akachukua mahindi akaacha mabua, tunamwitaje?"

Wakaitikia, "Mwizi!"

"Viwanda wameuza," akasema Mjomba, sasa anawaambia watu wote. "Mashamba wameuza. Sasa wameanza kuuza na sauti za marehemu wetu. Huyu amempelekea mtu Dar. Kesho mtamsikia Tekla redioni kwa jina la mwanamke mwingine."

Na mjue, haikuwa akili ndogo ile. Miaka ile wizi wa nyimbo ulikuwepo, na kila kitu kilikuwa sokoni. Angekuwa mjomba wangu mimi, angesema hivyohivyo.

Lakini sikuwa nimeiba.

Mzee mmoja pembeni akaninong'oneza kwa huruma, "Mwanangu, kubali tu, omba msamaha, yaishe ushuke salama."

Nikakataa. Nikasimama, nikasema, "Wazee wangu, nawaheshimu wote. Lakini sitaomba msamaha kwa jambo nisilolifanya. Sauti imo. Sijui kwa nini haitoki, lakini imo."

"Basi hicho kidude hakishuki mlimani," akasema Mjomba, "mpaka itoke."

Nikabonyeza tena, gitaa likaanza kulia bila mwimbaji. Skola alikuwa ananitazama tu. Yale macho ndiyo yaliyoniumiza kuliko neno mwizi.

Hapo ndipo akaingia Nyamizi.

Nyamizi ni mama wa Kinyamwezi. Mumewe alifanya kazi kwenye miwa, kisha wakahamia Kinole, naye Nyamizi akawa ananunua ndizi na kuzishusha mjini. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, tangu enzi za misafara. Na mtani kwenye msiba ana ruhusa ambayo hata mjomba hana. Anaweza kutukana, anaweza kuigiza marehemu, anaweza kubeba sufuria ya wali akaondoka nayo, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Unakomboa tu alichochukua, kwa kumlipa anachotaka.

Akaja katikati ya uwanja amevaa koti la mwanamume, kibuyu kiunoni.

"Nyie wala magimbi!" akapaza sauti. "Tekla amewachoka! Miaka yote anawaimbia, mnampa nini? Magimbi! Amekwenda kuimba Tabora kwenye nyama!"

Watu wakacheka huku machozi hayajakauka. Ndiyo kazi ya mtani.

"Toka hapa, mpagazi we!" akajibu mama mmoja wa kwaya. "Rudi ukabebe pembe za watu!"

"Mpagazi ndiye mimi," akasema Nyamizi. "Na mzigo wangu leo ni huu."

Akainama, akaikumbatia laptop yangu, akaipakata kwapani, na kuanza kuondoka nayo! Waya wa amplifaya ukakaza. Nikapiga kelele, "Mama, waya!"

Na hapohapo, kwenye zile spika mbili, Mama Tekla akaimba.

Sijui niwaelezeje. Mstari mmoja tu. Katikati ya neno, kwa nguvu zake zote, kama mtu aliyekuwa amezibwa mdomo akaachiwa.

Nyamizi akaganda. Uwanja wote ukaganda. Skola akaruka pale kwenye mkeka.

Nyamizi akapiga hatua moja nyingine, na sauti ikakatika. Likabaki gitaa.

Watu walitaka kukimbia. Mimi nilitaka kucheka kwa furaha, maana akili yangu ilikuwa imeshafika. Ule waya ulipokaza, uliisukuma plagi upande. Plagi ikaegemea, ikagusa kitu ambacho ilikuwa haigusi. Siyo mzimu, siyo Dar. Ni tundu!

"Mama Nyamizi, rudi ulipokuwa! Rudi hatua moja!"

"Sirudi. Mpagazi hashushi mzigo bila ujira."

"Utapewa! Rudi kwanza!"

"Siyo wewe, mtoto. Namtaka yule." Akamnyooshea kidole Mjomba Kobelo. "Yule aliyesema mwizi. Aje anipokee mzigo kwa mikono yake. Ndiyo ujira wangu."

Mjomba hakuwa na la kufanya. Mtani ameomba, tena mbele ya msiba. Akainuka polepole, akatembea mpaka pale, akanyoosha mikono. Nyamizi akamlazia laptop mikononi kama anavyopewa mtu mtoto wa kubatizwa.

Mimi nikaishika plagi kwa vidole, nikaisukuma taratibu juu na upande, nikaitafuta ile sehemu. Kwaruu. Kimya. Kwaruu. Sauti! Nikauvuta waya kwa chini, nikaupitisha juu ya kidole gumba cha Mjomba ili ukaze pale pale.

"Mjomba, usisogee."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wimbo uishe."

Nikarudisha mwanzo. Gitaa likaingia. Kayamba. Ubeti wa kwanza.

Akaingia Mama Tekla.

Kwaya wote wakasimama. Walipofika pa kuitikia, wakaitikia, na safari hii walikuwa wanamwitikia mtu aliyepo. Skola alikuwa ameweka paji la uso kwenye spika, mabega yanacheza.

Mjomba Kobelo alisimama katikati ya uwanja na dada yake mikononi. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye ndevu na hawezi kuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Na Nyamizi yuko sikioni mwake, hana huruma hata kidogo:

"Usitetemeke, mla magimbi! Ukitetemeka dada yako ananyamaza!"

Hakutetemeka. Wimbo ukaisha. Muda si mrefu betri ya laptop nayo ikaisha, skrini ikawa nyeusi mikononi mwake.

Mjomba akabaki amesimama vilevile. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Kesho nashuka na wewe. Hii siiachi."

Na kweli alishuka. Kwenye Land Rover yeye ndiye aliyeipakata, mimi nikabaki na betri ya gari mapajani.

Sasa dada, hapa ndipo somo lako linaanza, na wewe mwingine uliyesema motherboard, sogea.

Plagi ya headphone ina sehemu tatu. Ncha ni ya kushoto, pete ya katikati ni ya kulia, na shina lote la nyuma ni njia ya umeme kurudi, ambayo sisi mafundi tunaiita ground. Kushoto na kulia wanatumia njia moja hiyohiyo ya kurudi. Tundu likilegea, mara nyingi inayoachia kwanza ni hiyo ya shina, maana ndiyo iliyo mdomoni na ndiyo inayopigwa kila ukichomeka.

Ground ikikatika, muziki haunyamazi wote. Fikiria mizani ya dukani. Weka jiwe la kilo kulia na jiwe la kilo kushoto. Mshale unabaki wima, kama hakuna kitu. Ndivyo inavyokuwa: chochote kilicho sawasawa pande zote mbili kinafutana, kinabaki kile kilichozidi upande mmoja. Gitaa lilikuwa kushoto, likabaki. Kayamba ilikuwa kulia, ikabaki. Mama Tekla alikuwa katikati, sawasawa pande zote. Akafutika.

Mwimbaji bora ndiye anayepotea. Kwa hiyo siku nyingine ukisikia wimbo una vyombo tu na mwimbaji yuko kama ndani ya mtungi, usiite mganga, wala usimwite mtu mwizi. Angalia tundu.

Mjini tulikwenda moja kwa moja kwenye duka la spea za redio, la Bhai mmoja aliyezaliwa hapahapa Morogoro, tulikuwa tunataniana tangu enzi za redio za mbao. Akaikagua laptop, akatikisa kichwa.

"Deo, tundu kama hili mimi sina, na Dar sidhani kama wanalo. Tupa bwana. Zamani tulikuwa tunaunga unga kwa sababu vipya havikuwepo. Sasa vipo, kontena kwa kontena. Kwa nini ujitese?"

Kabla sijafungua mdomo, Mjomba Kobelo akaweka kiganja juu ya kaunta.

"Humo mna dada yangu," akasema. "Nani atupwe?"

Bhai akanitazama. Nikamweleza kwa kifupi. Akafungua droo, akatoa redio ndogo ya kaseti iliyokufa, ile ya kutembea nayo kiunoni. "Chukua tundu la hii," akasema. "Ni la kike, la kuchomekewa, zima kabisa, lilikuwa halitumiki sana. Jicho lako tu na mkono wako."

Kwangu Kilakala nikaifungua. Kwanza nilizima, nikachomoa umeme na kutoa betri, na wewe ukifungua yako fanya hivyo kabla ya kugusa hata skrubu moja. Nikakuta kumbe kile kijipini cha ground kilikuwa kimepasuka risasi yake, ile ya kulehemea, kwenye bodi, na kibati chake ndani ya tundu kimelegea hakirudi.

Risasi iliyopasuka naweza kuiyeyusha upya. Kibati kuchoka siwezi kukifanya kiwe kijana. Na hata ningeweza, kwaya inayofuata wangekimaliza tena.

Kwa hiyo nikaacha kupigana na tundu. Nikaliwekea mbadala.

Nikachukua waya laini wenye nyuzi tatu, nikazilehemu kwenye bodi, pale pale miguu ya tundu inapokaa: kushoto, kulia, ground. Huo waya nikautoa nje kupitia tundu la simu, lile la kuunganishia intaneti ya waya, ambalo kwangu lilikuwa pambo tu kwa kuwa simu ya mezani sikuwahi kuwa nayo. Ndani nikaupiga fundo ili mtu akivuta, avute fundo na siyo risasi. Nje, mwishoni mwa waya, nikafunga lile tundu la Bhai, nikalizungushia utepe.

Laptop ikawa na mkia.

Mjomba akautazama. "Mbona kama panya?"

"Mjomba, sasa wavute wanavyotaka. Ukichoka huu mkia, nakata nafunga mwingine. Laptop yenyewe haiguswi tena."

Nikaunganisha deki ya kaseti. Kaseti ya kwanza tuliirekodi mchana uleule, Mjomba amekaa kwenye kigoda anaitazama ikizunguka kana kwamba ikisimama atashtakiwa yeye. Akaipeleka mwenyewe kwa Skola. Nyingine zikafuata, kwaya wakauza, na redioni Mama Tekla alisikika kwa jina lake mwenyewe.

Mjomba hakuniomba msamaha kwa maneno. Ila msimu uliofuata wa ndizi, Land Rover ilinishushia mkungu mlangoni, na dereva akasema, "Umetoka kwa mzee. Kasema umpe na panya."

Ule mkia nilibadilisha mara nyingi, na ile laptop ilifanya kazi mpaka kioo chake chenyewe kilipokufa. Nyimbo nilikuwa nimeshazihamisha zote. Na bado walioniambia niitupe walikuwa wamenunua mpya, zikalegea, wakatupa, wakanunua tena.

Sasa dada, yako huenda haijafika huko. Anza na rahisi. Jaribu headphone nyingine, maana mara nyingi mgonjwa ni waya na siyo tundu. Kama ni tundu, zima laptop, ingiza kijiti cha meno polepole utoe vumbi na nyuzi za begi, utashangaa mzigo uliomo. Bado? Laptop za siku hizi zina USB, kuna vijidude vidogo vya sauti vya kuchomeka pale na vinakuwa tundu jipya kabisa, huhitaji hata kufungua skrubu. Vikikosekana, tafuta fundi wa redio mwenye mkono mtulivu akuwekee mkia kama wangu. Akikwambia tupa, mshukuru, nenda kwa mwingine.

Nilichojifunza mimi ni hiki: mtu anayekwambia tupa hajui umeweka nini ndani. Wewe ndiye unayejua. Usikubali haraka, na usikubali kuitwa mwizi wala mjinga kwa sababu ya kitu ambacho hakijafunguliwa kikaangaliwa.

Wadau, kama na wewe una kitu ulichokataa kutupa, tupia hapa chini tusome. Mafundi, kama mizani yangu nimeielezea vibaya, nirekebisheni, sitanuna. Na Wanyamwezi mliomo humu, najua mnakuja, karibuni, magimbi yapo.

Na wewe ambaye tundu lako bado ni zima, fanya hivi leo: nunua kipande kifupi cha waya wa kuongezea, chenye plagi upande mmoja na tundu upande wa pili. Kichomeke kwenye laptop, kipinde kitanzi kidogo, kibandike kwa utepe ubavuni, kisha kuanzia sasa chomeka na kuchomoa headphone kwenye hicho kipande tu.